Faneli ya Dizeli

Nimesoma mpaka darasa la nne, na mashine mbili za kusaga nilizonazo leo hapa Maisaka nimezinunua kwa jasho langu. Nayasema haya mapema, mtu asije akadhani naomba kuonewa huruma.

Miaka ile ya foleni dizeli ilipotea Babati, kama sukari na sabuni zilivyopotea. Nilikuwa kijana wa kazi kwenye mashine ya baba mdogo, kule Bagara. Mashine imenyamaza, lakini madebe ya mahindi ya watu yamejaa ndani yakingoja zamu. Kwa njaa ile wezi hawakukosekana. Basi baba mdogo akanifungia humo ndani niyalinde, kufuli nje, ugali napitishiwa dirishani.

Ng'ambo ya barabara, kanisani, mwalimu alikuwa akifundisha vijana tarumbeta bure, Mkristo kwa Mwislamu. Kabla ya kufungiwa nilishaanza kupiga besi, lile tarumbeta kubwa. Sasa nawasikia wenzangu wanapiga, na pale pangu ni patupu.

Nikachukua faneli ya dizeli, maana nayo haikuwa na kazi. Nikaweka mdomo kwenye ncha, nikapuliza sehemu yangu. Ikalia kama ng'ombe anayeumwa, lakini ililia mahali pake.

Mama mmoja aliyekuja kuchungulia debe lake akasema, "Wewe kijana, hiyo ingekuwa inasaga ningekuletea kuku."

Mwalimu naye akaja dirishani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekusikia. Ila besi siwezi kuiacha ukutani. Jumamosi usipofika, nampa mwingine."

"Mwambie baba mdogo anifungulie."

"Nimemwambia. Kaniuliza kama mahindi yakiibwa nitayalipa mimi."

Jumamosi asubuhi nikasikia kufuli linafunguliwa. Nikasimama, shati nimeshachomekea. Baba mdogo akaingia akisukuma pipa.

"Dizeli imepatikana. Lete faneli."

Nikaishika kwa mikono yangu mwenyewe, yeye akamimina. Watu wa foleni wakapiga vigelegele. Yule mama akawa wa kwanza kunisogezea debe.

"Haya, mpiga tarumbeta, saga."

Nikasaga mpaka jioni. Mlango ulikuwa wazi siku nzima. Besi ilipigwa na mwingine, na kwa kelele za mashine sikusikia hata kama alipatia.