Mwenye Sauti Zote

Kila Jumapili mchana, juu ya duka la vitambaa mjini Nakuru, msimulizi wa mchezo huketi nyuma ya ukuta wake wa kadibodi na kurusha dadu asizoziona mwingine. Wachezaji wanne hujifanya wasafiri; wengine wote wanaokutana nao njiani ni yeye. Akiwa mfalme hukohoa. Akiwa ajuza huukunja mdomo kana kwamba hana meno. Akiwa jini hunong'ona mpaka chai inapoa. Kwa miaka tisa Wamuyu, mwalimu wa shule moja ya mtaa wa Bahati, hajakosa, na angeapa kwamba anamjua msimulizi huyu.

Leo Wamuyu akauliza, "Tumefika langoni. Askari anasemaje?" Msimulizi akainamisha kichwa. Tanveer, mchezaji mwenzake, akacheka: "Boss, askari amelala?" "Hakuna askari," msimulizi akasema. "Ni-nimechoka. Nimechoka tangu 2005, kabla hamjaja." Wamuyu akapigwa na butwaa: sauti ile nyembamba, yenye kigugumizi, hakuwahi kuisikia. Akaulaza ukuta wa kadibodi. Daftari la msimulizi lilikuwa jeupe, na kucha zake zilikuwa zimetafunwa mpaka nyama. Akazikusanya dadu upande wake. "Basi leo msafiri ni wewe. Umefika langoni. Askari anauliza, unaitwa nani?" Msimulizi akaitazama dari. "Ngoja," akasema. "Ngo-ngoja kidogo, nitakumbuka."