Mchi wa Mjerumani

Sombe, majani ya muhogo, ya hapa Sharpstown ughaibuni inatoka kwenye friza, ngumu kama tofali. Kwetu Kivu, mama aliitwanga kwa bunduki.

Musicheke. Babu yake baba aliipora kwa Wajerumani kule Tabora, alipokuwa askari wa Wabeleji, akatembea nayo mpaka nyumbani. Risasi zikaisha, na yeye mwenyewe akaisha. Baba alikuwa mhunzi, akaitenganisha: mtutu ukawa bomba la mvukuto, kitako kikawa mchi wa mama. Mti wa Ujerumani, ndugu zangu! Mchwa akiuonja anang'oka meno.

Siku moja ilikuwa ya soko. Mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu, niko kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nachekesha watu.

"Kwetu kuna bunduki ya Mjerumani! Risasi moja, tembo watatu. Wa nne anajiua mwenyewe kwa woga!"

Walicheka mpaka benchi likavunjika. Mmoja tu, mgeni, hakucheka. Alimaliza pombe yake akaondoka.

Siku ya tatu asubuhi walikuja watu tisa na silaha.

Mama alikuwa anatwanga. Mkubwa wao, ndiye chef, akamnyang'anya mchi, akaugeuza. Chini kulikuwa na bamba la chuma, skrubu mbili.

"Hiki ni kitako. Bunduki yenyewe iko wapi?"

Baba akaleta lile bomba kutoka kwenye moto wake, limeungua, mdomo umepinda.

"Ni hii, chef. Yote ni hii."

"Mzee, unatucheka? Kijana wako anasema inaua tembo."

Wakanigeukia.

"Nilidanganya, chef."

Akatabasamu. "Sasa ndiyo unadanganya."

Nikaapa. Nikapiga magoti. Ule mdomo uliovunja benchi haukuweza kitu.

Wakamfunga baba kwa kamba ya mbuzi wetu. Aliniambia neno moja tu: "Moto usizimike."

Niliuchochea siku mbili. Siku ya tatu kijiji chote kilikimbia, na mimi nikakimbia, nikauacha unawaka. Baba hakuonekana tena. Hata mahali alipolala hatupajui.

Mwaka jana rafiki yangu Mtanzania, anakaa Carrollton, alinipeleka kwenye maonyesho ya silaha za zamani kule Dallas. "Twende uka-relax, mjomba." Na mimi nikaikuta pacha ya ile yetu juu ya meza: nzima, imepakwa mafuta, inang'aa. Muuzaji, mzee mwenye kofia pana kama mwavuli, akaniuliza kama nimewahi kuona ya namna hii.

"Kwetu tulikuwa tunatwangia majani ya muhogo," nikamwambia.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Akaita wenzake waje wamsikie huyu bingwa wa uongo. Mimi pia nikacheka kidogo, ni mazoea.

Halafu nikaigeuza. Bamba la chuma, skrubu mbili. Nikapitisha kidole pale majani yanapogandaga.

Palikuwa safi kabisa.