Kamba ya Kwenda Choo

Mumbua hakuwa nesi, hakutumwa na kanisa, hata ndugu hakuwa. Jirani tu. Lakini kila asubuhi akishateka maji alipitia kwa Susu Syombua, amkande miguu iliyovimba, ampikie uji, amtoe nje aote jua. Hapo ni kijijini Nuu, mwaka wa themanini na sita, na macho ya huyo nyanya yalikuwa yameisha kabisa.

Halafu barua ikaja. Kivuva, mwanawe Susu anayefanya kazi Mombasa, anakuja Jumamosi kumchukua. Mamake alikuwa ameanguka akienda choo. "Kama hawezi kwenda choo peke yake," aliandika, "hawezi kukaa peke yake."

Mumbua alipomsomea, Susu akauliza, "Mombasa nitafanya nini? Nitasikiliza feni?"

Alhamisi Mumbua akawaendea akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu.

"Wekeni majembe chini. Leo tunasokota."

"Tunasokota nini?" Nthenya akamrukia. "Mbuzi yako imetoroka?"

"Kamba. Kutoka mlango wa Susu mpaka choo. Kila mtu kipande chake."

Walicheka mpaka basi, halafu wakakaa chini na katani, wakasokota kwenye mapaja. Jioni vipande vikaunganishwa, vikafungwa kwa vigingi.

Kujaribu ni kesho, Mumbua akasema. Wapi! Ijumaa asubuhi, akina mama ndio wanakusanyika, Kivuva huyo hapo, amewahi siku nzima, na begi la kubebea nguo za mamake.

"Mwaitu, mama yangu, tuende."

"Ngoja kwanza niende choo," Susu akasema.

Kivuva akataka kumshika mkono. Mumbua akasimama katikati. "Muache!"

Susu akashika kamba. Hatua tano, akasimama. Mumbua akapiga hatua kumfuata. Amechoka? Anaanguka? Kumbe vidole vyake vinapapasa.

"Hii ni ya Nthenya. Imelegea kama mdomo wake."

Akina mama wakapasuka. Wote ni yeye aliyewafundisha kusuka vyondo. Alijua mkono wa kila mmoja! Sasa anatembea anawataja.

"Hapa ni Mbinya. Bado unasokota kama unafukuzwa na nyuki?"

"Susu, si ulinifundisha wewe!"

"Nilikufundisha, hukusikia."

Akaendelea, polepole, bila kuyumba. Kipande cha mwisho akakivuta kwa nguvu. "Hii ngumu ni ya Mumbua. Basi nimefika."

Mlango wa choo ukafungwa. Vigelegele vikapaa! Mumbua aliruka mpaka leso ikaanguka.

"Kivuva!" sauti ikatoka ndani. "Mimi siendi mahali! Na ondokeni hapo, mtu atajisaidia aje mkimsikiliza?"

Kivuva alisimama na begi lake tupu, akicheka na machozi yakimtoka. Akaangalia ile kamba kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Na ya kwenda jikoni," akauliza, "mtasokota lini?"

Nthenya akamtupia katani. "Kaa chini. Anza."