Siku Kobusingye Alipokataa Maziwa ya Mukama

Kobusingye wa Igurwa alikuwa mwanamke mfupi, mdomo wake ukitangulia miguu. Mume alipofariki alimwachia ng'ombe wachache na kilima cha malisho. Kazi yake ilikuwa kufukiza vyanzi, vile vyombo vya mti vya maziwa, nyumbani kwa Mukama Rwemera, mtawala wa Karagwe, kule Bweranyange, miaka ile ya thelathini.

Sasa huyo Rwemera! Moyo mzuri, masikio mabaya. Alipenda kukubaliwa kama mtoto apendavyo kubebwa. Akisema mvua inakuja, watu walijifunika ngozi hata kama jua linawaka. Aliyeitikia upesi ndiye aliyekaa karibu na kiti chake, na mwaka ule aliyewashinda wote ni Muhangi. Yeye alicheka kabla utani wa Mukama haujaisha.

Muhangi akakitamani kilima cha Kobusingye.

"Waitu," yaani bwana wetu, akamwambia Mukama mbele ya baraza, Kobusingye mwenyewe akiwepo, "mjane ana haja gani na malisho yote yale?"

"Kweli kabisa!" Mukama hakuwa amesikiliza vizuri. Alikuwa na furaha, maana watu walikuwa wameshinda wakitengeneza ua wake. "Chukua. Leteni maziwa!"

Kwa Rwemera neno lilifungwa kwa maziwa. Ukinywa, umekubali, na shauri halifunguliwi tena. Kobusingye alijua kwamba akinywa atahamia jikoni kwa wifi yake, na wifi yule hata chumvi aliificha.

Kyanzi kikazunguka. Muhangi akanywa, wakubwa wote wakanywa. Kikamfikia Kobusingye.

"Sinywi."

Baraza zima likamgeukia.

"Umesemaje?" Mukama akauliza.

"Sinywi, Waitu. Mchana nimekula maharage. Unataka ng'ombe wako wakaukwe viwele kwa tumbo langu? Wamenikosea nini?"

Hapo kila mtu akakumbuka. Mla maharage hagusi maziwa siku hiyo, ng'ombe wasije wakakauka. Hata mtoto wa Karagwe anajua. Na mchana ule wote waliotengeneza ua, wakubwa nao, walikuwa wamekula chungu kimoja cha maharage. Mukama mwenyewe alikula nyama yake ndani. Akawatazama wakubwa wake, povu jeupe bado midomoni mwao.

"Muhangi, wewe ulikula nini?"

"Mimi... nilionja tu, Waitu."

"Celestina!" Mukama akamwita mpishi. "Alionja?"

"Alionja, Waitu," Celestina akajibu. "Akaonja na ukoko."

Bega la Mukama likaanza kutikisika, likafuata tumbo, akacheka mpaka akashikilia kiti. "Kumbe watu wangu wako radhi kuua ng'ombe wangu wote, mradi mimi nisinune! Neno lililofungwa kwa maziwa na maharage si neno. Kilima ni cha mama huyu. Na wewe Muhangi, nenda ukamchungie ndama mpaka ujifunze kusema hapana."

"Ndiyo, Waitu!" Muhangi akaitikia upesi, na baraza likaanguka kwa kicheko.

"Kobusingye," Mukama akasema akifuta machozi, "kuanzia leo utakaa hapa karibu nami."

"Hapana, Waitu. Vyanzi vitafukizwa na nani?"

Alipanda kurudi Igurwa siku ile akiimba, sauti mbaya lakini kubwa. Nyuma yake alikuja Muhangi na kanzu yake nyeupe.

"Mama, ndama hawa wanakwenda kushoto au kulia?"

"Waulize, baba. Wao hawajipendekezi."