Taa ya Urme

Urme alikuwa mfinyanzi, na ufuko mzima haukuwa na wa kumfikia. Taa zake zilikuwa bapa, ndefu, zimechongoka ncha kama mtumbwi mdogo. Unamimina mafuta ya sili, yule mnyama mnene wa baharini, unalaza utambi nchani, basi. Ukiona rahisi, jaribu! Jiwe la kuchanganya na udongo lazima lichomwe kwanza ndipo lipondwe, la sivyo taa hupasuka motoni. Wangapi walimcheka kwa kupika mawe, kisha wakaja kinyemela kumwomba taa!

Mwaka ule dhoruba ya mwisho wa vuli ilisomba madema yote, ile mitego ya fito ya kunasia samaki. Mumewe alikuwa msituni akiwinda nguruwe, hajulikani atarudi lini. Nyumbani wamebaki yeye, mama mkwe wake Sivra, na mtoto wa miezi miwili aliyenyonya titi tupu na kulia hadi sauti ikamkauka. Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, walikuwa wakishuka mtoni kwenda baharini, na zilibaki siku mbili tatu wamalizike, ndiyo basi hadi mwaka mwingine. Kusuka dema kunataka siku nne, na jua la msimu ule huchungulia tu likaondoka.

Urme akashusha kibofu cha mafuta ya sili, cha mwisho.

"Wafanya nini wewe?" Sivra akaruka.

"Nawasha taa, mama. Nisuke usiku kucha mpaka dema liishe."

"Hayo ni ya kula! Hayo ndiyo maziwa ya mwanao! Si usuke kwenye moto kama watu?"

"Kuni zimelowa. Moshi mtupu, sioni hata vidole. Na zikishika, cheche zitaunguza fito."

"Na mikunga wasipoingia?"

Urme aliogopa, msidhani hakuogopa. Akamimina.

Mwali ukakaa nchani, mdogo, mtulivu, bila cheche. Akasuka. Sivra akampa mgongo, akambembeleza mtoto huku akisonya. Mafuta yalivyopungua ndivyo alivyozidi kusonya. Hatimaye usingizi ukaanza kumchukua Urme, fito zikamponyoka. Mama mkwe akamlaza mtoto, akaja akashika upande wa pili wa dema.

"Sogeza taa huku, macho yangu ya kizee haya," akafoka. "Na usuke karibu karibu! Hapo mkunga si atapita na ukoo wake mzima?"

Taa ilizimika umebaki mdomo wa dema tu. Wakaumalizia kwa kupapasa. Kulipokucha wakalitega mtoni.

Asubuhi ya pili dema liliwashinda kulivuta. Urme ikabidi aingie majini hadi kiunoni, kwenye baridi ile. Mikunga wanene, wamejaa mafuta! Sivra akamchomea watatu, akamsimamia awale wote, hata ngozi.

"Kula, mwanamke mkaidi we! Kula!" Na machozi yanamtoka.

Jioni mtoto akawekwa titini. Akavuta, akaacha, akalia. Akavuta tena. Kilio kikakatika, na kibandani wakamsikia akimeza.