Waya Mbili za Moris ya Mwalimu

Faki wa nyuma ya msikiti alikuwa fundi wa umeme wa magari, na mtu yeyote wa Machakos mwenye gari kuukuu angekuelekeza kwake hata kabla hujamaliza kuuliza. Miaka thelathini alikuwa akiweka platini, kile kidude ndani ya distribyuta kinachofunguka na kujifunga ili plagi zipate moto. Nafasi yake ni nyembamba, na ikikosewa kidogo tu gari linakohoa njia nzima. Wenzake walipima kwa kipimo cha chuma. Faki yeye alirarua kipande cha kasha la kiberiti, akakipitisha pale katikati, akafumba jicho moja, basi. Hakuna gari lililowahi kurudishwa.

Ila mwaka huo wa 2001 macho yalimgeuka. Ukungu uliingia polepole. Kwanza aliusingizia moshi wa jikoni, kisha vumbi, kisha mkewe Mwanaasha, ati hafui mapazia. Visingizio vitupu! Ukweli aliujua, na aliogopa kuutamka hata akiwa peke yake. Fundi asiyeona ataletewa gari na nani?

Mwezi wa tatu aliweka platini za Moris ya Mwalimu Josphat kwa kubahatisha. Gari hilo, la kabla ya uhuru, ndilo lililomleta Munyiva, mke wa Mwalimu ambaye wengi humwita Mama Wanza, kliniki ya sukari kutoka Kalama. Wakirudi nyumbani likawazimikia katikati ya mlima. Munyiva alikuwa amedungwa insulini na chakula kikachelewa. Sukari ikamshuka, akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, na Mwalimu na miaka yake sabini akaupanda mlima mbio kuwaomba watu chai ya sukari. Mama wa watu aliponea chupuchupu. Mwalimu alipokuja kueleza, Faki akamwambia ni petroli chafu. Alilisema hilo kwa macho makavu kabisa, na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana.

Ndipo aliposikia habari za kifaa cha elektroniki kinachokaa mahali pa platini. Hakina nafasi ya kupimwa, hakina cha kuchunguliwa. Alimtuma mpwa wake Ramzi Nairobi, naye akazunguka wiki mbili akarudi na kimoja tu. Muuzaji alikuwa ameonya kwamba ukigeuza waya kinaungua papo hapo, na hakirudishwi. Tena ni cha magari ambayo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, na Moris hizi za zamani ni kinyume, chanya ndiyo iko kwenye bodi.

Mwalimu alileta gari Jumatano moja asubuhi, mwezi wa saba. Kliniki ilikuwa kesho yake. Munyiva alibaki ndani, mlango wazi, akamsalimia Faki kwa kifupi tu.

Faki alianza vizuri. Betri aliigeuza kwa vidole, kwa sababu kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, na hilo halihitaji macho. Akabadilisha waya za koili, ile inayotuma moto kwenye distribyuta, akaigusisha dainamo waya mara moja ili nayo ikubali mpango mpya. Akang'oa platini, akakikaza kifaa. Zikabaki waya mbili.

Moja nyekundu, moja nyeusi, ndivyo Ramzi alivyomwambia. Akaziinua juani. Zote zilikuwa rangi ya tope. Akazileta puani, akazipeleka mbali, akazipapasa, unene ni mmoja. Jasho likamtoka. Moyo ulimdunda hadi akaogopa Mwalimu atausikia. Nusu kwa nusu si mbaya, alijiambia, akachagua moja na kuisogeza kwenye koili. Kikiungua, kesho hakuna kliniki. Ndani ya gari Munyiva akakohoa, na Faki akaukumbuka ule mlima.

"Mwalimu," alisema, "kuja uniambie nyekundu ni gani."

Mwalimu alidhani ni mzaha. Akazitazama waya, akamtazama Faki usoni, na kicheko kikamkauka.

"Hii ya kulia," alisema.

Faki akaifunga, kisha ile nyingine. Alizungumza bila kuinua kichwa. "Ule mlima haikuwa petroli. Ilikuwa mimi. Sioni."

Mwalimu alienda akawasha gari, nalo likashika mara ya kwanza, likanguruma sawasawa bila kukohoa. Hakuna aliyefurahi. Faki alisimama akifuta mikono kwa kitambaa, anafuta tu, akingoja matusi aliyojua anayastahili.

Aliyesema ni Munyiva. "Miezi minne niko na hasira na wewe, Faki. Nilifikiria umetuchoka, ati sisi ni wazee wa gari kuukuu, unatufanyia kazi ya haraka haraka."

"Hapana, Mama Wanza."

"Si ungesema. Mimi hii sukari imeniingia macho pia. Kesho wananiangalia macho. Tutakupitia saa moja."

Faki alitaka kusema ana kazi nyingi. Akatazama upande ilikotoka sauti. Alichoona ni weupe wa kitambaa cha kichwa tu, uso haukuwepo, na mwanamke huyo alimjua miaka ishirini. Machozi yakamlenga.

"Nitakuwa hapa nje," alisema.

Mwalimu alifunga boneti, akaijaribu kama imeshika. "Uvae koti," alimwambia. "Kioo cha mlango wa nyuma hakipandi."