Madumu Nyuma ya Sanduku la Mama

Wateja walimwita Mama Kufuli, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwangalizi wa yadi ya stoo za kukodi: safu mbili za vyumba vidogo vya matofali, kila kimoja na mlango wa bati wa kuvuta juu, na katikati njia ya saruji ya kupitisha gari dogo. Waliohama nyumba, waliofiwa, walioachana, waliofunga duka, wote walimletea mizigo yao. Yeye alikaa kibandani getini, palipokuwa na meza, birika la umeme na, ukutani nyuma ya kiti chake, swichi kuu ya umeme wa yadi nzima.

Kazi hiyo aliipata ukubwani, kiwanda cha nguo alikokuwa akishona kilipofungwa, na aliilinda kwa wivu. Mteja mpya hakupewa chumba kabla ya kusomewa somo: petroli hapana, mitungi ya gesi hapana, chakula hapana, chochote kinachopumua hapana. Wengi walicheka. Hawakujua kwamba kila katazo lilikuwa na kisa chake. Bwana mmoja alificha magunia ya unga nyuma ya kabati. Panya wakaja, wakamaliza unga, wakahamia kwenye makochi ya jirani. Bibi mwingine, aliyegombana na mwenye nyumba kwa ajili ya kuku, aliwaleta kuku wenyewe ndani ya makasha yaliyofunikwa shuka, na jogoo akamuumbua kabla hajavuka geti. Mama Kufuli alisimulia mambo hayo kwa uso mkavu, na aliyezidisha kicheko aliambiwa afungue tena maboksi yake.

Aliyepita bila kufungua boksi lolote alikuwa mmoja tu, naye ni kaka yake.

Ilikuwa vigumu kumkagua mtu yule. Mama yao alipofariki, Mama Kufuli alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Kaka aliacha shule, akabeba mizigo sokoni ili mdogo wake asome. Alimfulia, alimpikia uji wenye madonge, alimsuka nywele vibaya hadi wasichana wa darasani wakamcheka, na siku ya harusi yake ndiye aliyesimama mahali pa baba. Hata sasa, mdogo wake akiwa na watoto waliokwisha kuoa, bado alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao.

Alikuja wakati petroli ilikuwa imeadimika na madereva wanalala na magari yao vituoni. Alileta makochi, godoro na sanduku la mbao la marehemu mama, akasema anakarabati nyumba. Mama Kufuli, kwa mazoea tu, aliuliza kama kuna cha kumwonyesha. Kaka akacheka, akamuuliza kama na sanduku la mama yake atalipekua. Mdogo wake aliona aibu, akafungua geti. Kaka akaweka kufuli lake mwenyewe, na tangu hapo alikuja mara kwa mara na mkokoteni uliofunikwa turubai, akisema analeta vyombo vilivyobaki. Mama Kufuli alimpungia mkono kutoka kibandani, na mara nyingine alimtilia chai kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, bati la paa likilia kwa joto. Mwenye yadi alikuwa amemleta fundi wa kuchomelea atengeneze mlango uliooza kwa kutu, mwisho wa safu ileile yenye stoo ya kaka. Kwenye safu ya pili, mama mmoja mkodishaji wa viti vya sherehe alikuwa na vibarua wake wakihesabu viti. Mashine ya fundi ilinguruma, cheche zikimwagika sakafuni.

Mama Kufuli alikuwa akipita na ufagio aliponusa kitu. Kwanza alidhani ni vifaa vya fundi. Akapiga hatua chache, harufu ikazidi. Akarudi nyuma, ikapungua. Akaifuata kwa pua, polepole, mpaka ikamfikisha mbele ya mlango ambao hakutaka kabisa umfikishe. Chini ya mlango wa kaka yake palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, ukitambaa kwenye saruji kuufuata mteremko. Aliinama, akaugusa kwa kidole, akakileta puani.

Ilikuwa petroli. Mteremko ule ulielekea kwa fundi.

Alitaka kupiga kelele, lakini fundi alikuwa ameinama nyuma ya kinyago chake na mashine inanguruma. Hata angemwita kwa tarumbeta asingesikia. Kumgusa begani aliogopa, asije akageuka na moto mkononi. Akatupa ufagio, akakimbia kwa namna ambayo miguu yake ilikuwa imeisahau miaka mingi. Alipofika kibandani alishika swichi kuu kwa mikono miwili, akaishusha. Mashine ikanyamaza. Yadi nzima ikanyamaza. Fundi akanyanyua kinyago na kuanza kulalamika kwamba umeme wa mji huu hauna adabu.

Mama Kufuli alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala, asogee mbali na kile chuma cha moto na asiwashe chochote. Fundi aliutazama mstari, akautazama mlango aliokuwa akiuchomelea, bado mwekundu kwenye kiungo, na rangi ikamtoka usoni. Bila kuambiwa zaidi alianza kuchota mchanga wa ujenzi uliolundikwa pembeni na kuumwaga mbele ya ule mstari.

Hapo ndipo Mama Kufuli alipokumbuka mfereji. Maji ya yadi yalitokea chini ya ukuta hadi kwenye kichochoro, na kwenye kichochoro, mdomoni kabisa mwa mfereji, alikaa mwanamke muuza chai na jiko lake la mkaa. Alimtuma mama wa viti akimbie huko na vibarua wake, wamwondoe yule mwanamke na wateja wake, wamwage maji kwenye jiko hata kama atawatukana. Alitukana kweli, ikasikika hadi ndani, kisha akanyamaza ghafla. Bila shaka naye alikuwa ameinusa.

Mama Kufuli akatoka nje ya geti, mbali na ile harufu, akawapigia zimamoto; wakasema wanakuja, lakini gari lilikuwa upande wa pili wa mji na barabara zimefungana. Kisha alimpigia kaka yake.

"Kaka, ndani ya stoo yako kuna nini?"

"Vitu vya mama. Kwani vipi?"

"Kuna petroli inatoka chini ya mlango."

Kaka akasema labda ni rangi, labda ni mafuta ya taa yaliyobaki kwenye taa ya zamani. Mama Kufuli alisikia sauti ikipanda kidogo mwishoni, ileile aliyoitumia enzi zile kumwambia kwamba ameshakula, huku sufuria ikiwa na chakula cha mtu mmoja.

"Usifungue," kaka alisema. "Nakuja mwenyewe. Usinivunjie kufuli mbele za watu, Kitinda. Nimekulea kwa mikono hii."

Mama Kufuli alikata simu. Kumvunjia kaka yake kufuli ni sawa na kumwita mwongo mbele ya halaiki. Akitazama ndani aliona fundi amekwisha kuongeza mchanga mara ya pili, na mchanga wote umelowa. Chochote kilichokuwa kinavuja kilikuwa bado kinavuja.

Akapiga moyo konde, akarudi ndani. Fundi, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshika jiwe lake la umeme la kukatia chuma ndipo akakumbuka cheche zake na kuliweka chini kama lililomuuma. Wakatafuta mkasi mkubwa wa kukatia chuma, wa mikono mirefu, wakaupata kwenye vifaa vya fundi. Mama Kufuli alimwagia kufuli maji ya sabuni, akamwagia na reli za mlango, ili chuma kisisuguane kikavu na chuma. Fundi alikaza mikono. Kufuli lilikatika kwa mlio mdogo, na wote wawili walifumba macho.

Hakuna kilichotokea.

Waliuvuta mlango juu kidogo kidogo, kama wanaofunua kidonda. Mvuke uliwapiga usoni hadi machozi yakawatoka. Mbele palikuwa na makochi, yamepangwa vizuri, kitambaa kimetandikwa juu. Nyuma yake madumu ya manjano yalijaa hadi ukutani, yamevimba kwa joto, na juu ya safu ya mbele kaka alikuwa ameweka sanduku la mama ili kuyakinga na macho ya watu. Uzito wa sanduku ulikuwa umepasua dumu moja pembeni, nalo sanduku likainama hadi kugusa ufa. Mbao zake za chini zilikuwa zimelowa.

Wakati huohuo gari la mizigo lilipiga honi getini. Alikuwa mteja amekuja kuchukua kabati lake; na alipoona hafunguliwi, alizima injini, akashuka, akatoa sigara. Mama Kufuli alimwona kupitia vyuma vya geti akipapasa mfuko akitafuta kiberiti. Sasa alipiga kelele. Baadaye hakukumbuka alisema nini, ila yule bwana alisimulia mtaani kwamba ameshawahi kufokewa na mkewe, na mama mkwe wake, na polisi, lakini hajawahi kufokewa vile. Sigara ilidondoka bila kuwashwa, na mwenyewe akarudi nyuma hadi upande wa pili wa barabara.

Fundi alilinyanyua sanduku. Mama Kufuli alilaza dumu lililopasuka, upande mzima ukiwa chini na ufa ukiwa juu, akaliziba kwa kipande cha sabuni. Mtiririko ukakoma. Kisha wakatoka wote wawili, wakaketi barabarani nje ya geti, mbali. Mikono yao ilikuwa ikinuka petroli. Zimamoto walipofika waliyatoa madumu moja moja, na ofisa wao, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alipoyaona yote yamepangwa nje alitikisa kichwa.

Kaka naye alifika. Alishuka kwenye pikipiki, akaona umati, akaona kufuli lake limekatwa. Alimfuata mdogo wake, akamwambia taratibu kwamba amemdhalilisha. Akasema hakuwa na njia. Riziki ilikuwa imekauka, na watu walikuwa wanayahitaji mafuta. Mwanzo aliyaweka chumbani kwake, lakini wajukuu walikuwa wakicheza humo na mama yao anapika ukumbini. Ilimnyima usingizi.

"Ndiyo maana niliyaleta huku," alisema. "Nyumbani kuna watoto."

"Na huku nipo mimi," Mama Kufuli alijibu.

Polisi walioitwa na zimamoto walipomchukua kaka, hakugeuka kumtazama mdogo wake.

Ukoo uligawanyika kama shuka kuukuu. Wifi yake alimpigia simu akilia, akasema hakuna dada anayemfanyia hivyo kaka aliyemlea. Shangazi mmoja alimtetea, kisha akashawishika, akaacha kumtetea. Mwenye yadi naye alitaka kujua mzigo ule ulipitaje, na Mama Kufuli alimweleza ukweli: aliuruhusu kwa sababu ni wa kaka yake. Alitegemea kumwaga unga siku hiyo. Lakini mwenye yadi alimwambia arudi getini. Kaka aliachiwa kwa dhamana, kesi ikabaki inaning'inia. Sanduku la mama lilikaa uani kwa Mama Kufuli likianikwa. Khanga zilizokuwamo zilifuliwa tena na tena na harufu haikuisha, na picha pekee ya mama yao iligandana na karatasi iliyoifunika ikawa haitazamiki.

Kaka hakupiga simu. Mama Kufuli alienda kwake mara moja, akaambiwa ametoka, ilhali viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Hadi asubuhi moja, akiwa kibandani, simu iliita na jina la kaka likaonekana. Kaka hakusalimia.

"Kitinda. Hapa nyumbani yamebaki madumu mawili. Yako chini ya kitanda. Naogopa kuyauza, naogopa kuyatoa, naogopa kuwaita hao watu. Niyafanyeje?"

"Watoto wako wapi?"

"Shule. Mama yao anataka kuwasha jiko."

"Asiwashe. Fungua madirisha yote, tokeni nje, mkae mbali. Naja na yule ofisa wa zimamoto."

Kaka aliuliza kama watamkamata tena. Mama Kufuli alimwambia hajui, na kwamba atakuwepo hapo hata wakimkamata. Akafunga kibanda, akampigia yule mwanamke mwenye sauti nzito.

Alimkuta kaka ameketi kwenye jiwe mbele ya nyumba ya jirani, mikono mapajani, amezeeka. Ofisa na mwenzake waliingia, wakakaa humo muda ambao ulionekana kutokwisha, waliobaki nje wakitazama mlango. Dumu la kwanza likatoka. Halafu la pili. Ofisa alimwambia kaka kwamba atawaeleza polisi kituoni kuwa safari hii ameita mwenyewe, zaidi ya hapo hawezi kumuahidi. Kaka aliitikia kwa kichwa.

Gari lao lilipoondoka hakurudi ndani. Alisogea kidogo kwenye lile jiwe, akapangusa vumbi upande uliobaki wazi kwa kiganja, na mdogo wake akaketi. Wakawasubiri watoto watoke shule.